Fimbo ya Asajile

"Usiite fimbo kombo na meza hujaipima."

Jana kikaoni mlimsikia mjomba wenu akiyatamka maneno hayo, na watu waliokuwa wakibwata wakanywea wote. Ninyi mkatazamana. Baadaye nikawasikia uani mkiulizana ni fimbo gani hiyo, na meza inahusu nini, mmoja wenu akasema wazee wanajitungia tu. Hatujitungii. Fimbo ilikuwepo, ya kuchezea pool, na meza ilikuwepo, na walioumia walikuwa watu wa hapahapa Tukuyu, wenye majina na wake na watoto. Sogeeni basi niwaeleze maneno haya yalikotoka, na asiyetaka habari ya huzuni aende akaangalie ndizi jikoni.

Palikuwa na seremala akiitwa Gwamaka. Nusu ya milango mnayoigonga mjini humu aliitundika yeye, na hakuna hata mmoja unaoburuza chini. Alikuwa mtu mwenye jicho. Akisema ubao huu umepinda, hukuwa na haja ya kuuliza umepinda wapi. Ungeutazama tena na kuona haya kwamba hukuona mwanzoni. Sifa hiyo aliijua, na aliipenda kuliko alivyokubali kukiri.

Wakati ule Mwaihojo ndiye aliyekuwa na ukumbi wenye meza ya pool, ya kwanza katika mji huu. Haikuwa meza ya jiwe kama zile za watu wakubwa. Chini ya kitambaa cha kijani kulikuwa na ubao mnene tu. Siku ilipoletwa, Mwaihojo alimwita Gwamaka aisimamishe, naye alishinda pale kutwa nzima na pima maji yake, akitia kabari chini ya mguu huu, akipunguza chini ya ule, mpaka kile kipovu cha ndani ya kioo chake kikawa kinatulia katikati kila alipokiweka. Akainuka akipangusa magoti, akasema, "Hapa hata ukiweka yai, litakaa." Watu wakapiga makofi. Tangu siku hiyo ikaitwa meza ya Gwamaka, ingawa mwenye mali alikuwa Mwaihojo.

Ikazuka desturi. Fimbo kuukuu haikuuzwa wala kubadilishwa kwa kificho. Mwenye nayo aliileta Jumamosi alasiri, akailaza juu ya meza mbele ya wachezaji, na kuilaza tu ilikuwa ni kuikubali hukumu. Gwamaka aliibingirisha mara tatu, kutoka upande wa mlangoni hadi upande wa dirishani, huku ameinama, macho yakiwa sawa na kitambaa. Fimbo iliyonyooka hubingirika kimya, ncha yake haiachi kitambaa. Iliyopinda huchezacheza, na mwanga huonekana chini yake. Ikiwa nzima Gwamaka alisema, "Safi," watu wakapeana mikono. Ikiwa mbovu alisema neno moja, "Kombo," akatwaa msumeno akaikata vipande viwili palepale, mwenye fimbo akiwa ameishika upande mmoja, ili isije ikamwibia mtu mwingine huko mbele. Ilikuwa desturi kali, lakini ilimaliza ugomvi, na watu huvumilia ukali unaomaliza ugomvi.

Gwamaka alikuwa na rafiki, Asajile. Walichunga ndama pamoja, wakaoa mwaka mmoja, na mke wa mmoja alipojifungua, mke wa mwenziwe ndiye aliyepika uji. Asajile alikuwa msimamizi wa vibarua wakati barabara ya kushuka Kyela ilipokuwa ikitengenezwa upya, na mhandisi mmoja mgeni aliyezoea kucheza naye kwenye meza ya kambini kwao, mkataba wake ulipokwisha, alimwachia fimbo yake. Mti wake ulikuwa mwekundu wa kukoza, mzito kitakoni na mwembamba nchani, na ulikuwa na ala yake ya ngozi. Kwa miaka sita Asajile hakuiegemeza ukutani hata siku moja, maana fimbo inayoegemea hujipinda polepole bila mwenyewe kujua. Aliining'iniza kwa kamba nyuma ya mlango wa chumbani. Hakumwazima mtu, hata Gwamaka, na Gwamaka hakuomba.

Mwaka huo Lugano, kijana wa Asajile, alikuwa amechumbia binti wa watu wa Masoko. Ng'ombe wa mahari walikwisha kwenda wote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja wazee wa binti walimwekea siku: awe amefika kabla ya Pentekoste, la sivyo maneno yaishe. Asajile alikuwa akiwategemea mitamba wake wawili. Ugonjwa wa ndigana ukawachukua wote wawili ndani ya wiki moja. Alikaa siku nyingi akilitazama zizi tupu, kisha akatazama nyuma ya mlango.

Huko Busokelo alikuwako mfuga ng'ombe mmoja, Ambakisye, aliyeupenda mchezo wa pool kuliko alivyoweza kuucheza. Fimbo ile alikuwa akiimezea mate tangu zamani. Alipopelekewa habari alijibu papo hapo kwamba fimbo ikipita, ataleta mtamba mwenye mimba, wabadilishane Jumamosi mbele ya watu. Kwa hiyo mwelewe vizuri, wajukuu zangu: siku Asajile alipoilaza ile fimbo mezani, ndoa ya mwanawe ndiyo aliyoilaza.

Lakini kabla ya Jumamosi hiyo kulitokea jambo ambalo mtu mmoja tu alilijua. Mwaihojo alikuwa amekwenda Mbeya kumzika shemeji yake, akaufunga ukumbi wiki mbili, na hizo zilikuwa wiki mbili za masika yetu haya, mnayajua. Bati moja likavuja. Aliporudi alikuta kitambaa kimelowa upande wa dirishani, karibu na shimo la kati. Alikibandua, akapangusa ubao, akaupapasa kwa kiganja na kuona uko sawa, akatandika kitambaa kipya. Hakumwambia mtu, maana ukumbi mwingine ulikuwa unafunguliwa karibu na stendi na hakutaka wateja waseme meza imeharibika. Mimi simlaumu sana. Ni nani afunguaye duka kwa kutangaza ubovu wa mizani yake? Ila ubao uliokunywa maji hausemi siku ileile. Ulianza kufura polepole chini ya kitambaa, mahali pamoja tu, kiasi ambacho jicho halioni.

Jambo la pili alilijua kila mtu. Mwezi uliotangulia Gwamaka alikuwa ameipitisha fimbo ya shemeji yake. Ilikuwa fimbo nzuri, lakini aliyeinunua alishindwa michezo mitatu mfululizo, na mchezaji mbovu hakosi sababu. Akaanza kunong'ona kwamba Gwamaka hapimi mti, anapima undugu. Maneno yakamfikia Gwamaka karakanani. Mkewe, Tusekile, akamwambia ayapuuze, naye akajibu kwamba ameyapuuza, huku akipiga randa kwa nguvu kuliko ubao ulivyohitaji.

Jumamosi ikafika, na ukumbi ukajaa. Ambakisye alikuja na mtamba wake akamfunga kwenye nguzo ya umeme nje, na kila aliyeingia alimpapasa mgongoni kwanza. Asajile aliingia amevaa koti lake la kanisani. Akaitoa fimbo alani, akailaza mezani kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua moja.

Gwamaka hakuibingirisha mara moja. Aliinyanyua kwanza kwa mazoea ya kazi yake, akafumba jicho moja, akaitazama kutoka kitakoni mpaka nchani huku akiizungusha. Ilikuwa imenyooka kama uzi wa waashi. Moyo wake ukafurahi kwa ajili ya rafiki yake, na karibu atabasamu. Kisha akaona kwamba watu hawaitazami fimbo, wanamtazama yeye, na mtu mmoja nyuma akakohoa kikohozi kisicho cha mafua. Akaukaza uso wake.

Akaibingirisha. Ilikwenda kimya zaidi ya nusu ya meza. Ilipokaribia dirishani, mkabala na shimo la kati, ncha ikanyanyuka, ikagonga kitambaa, tok.

"Eee!" watu wakasema.

Akairudisha mlangoni, akaibingirisha tena. Ikaenda kimya, ikafika palepale, ncha ikanyanyuka. Mara ya tatu vilevile. Nyuma ya kaunta Mwaihojo alikuwa akipangusa chupa, na aliendelea kuipangusa chupa hiyohiyo muda mrefu.

Asajile alikuwa amekunja mikono kifuani. Akaikunjua.

"Gwamaka," akasema kwa sauti ya chini, "huku mlangoni haikuruka hata kidogo. Hebu ibingirishe huku tu, mara moja."

"Desturi ni mara tatu, Baba Lugano."

"Najua ni mara tatu. Nakuomba ya nne."

Ambakisye akacheka. "Jamani, hata mnadani kwetu, mwenye ng'ombe kiguru husema, hebu mtembezeni penye majani laini."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Asajile alingoja kiishe.

"Basi acheni meza," akasema. "Rafiki yangu, wewe ni seremala. Itazame kwa jicho lako, useme kile jicho linachokuambia. Nitakubali."

Hapo ndipo Gwamaka alipoombwa jambo jepesi kuliko yote aliyowahi kuombwa, na akalikataa. Aliwaza, nikisema imenyooka baada ya meza kuikataa mara tatu, kesho mji mzima utasema Gwamaka ana meza mbili, moja ya watu na moja ya marafiki. Aliwaza juu ya jina lake. Juu ya Lugano hakuwaza, alikuja kukiri hivyo yeye mwenyewe baadaye, tena mbele yangu.

"Jicho lina urafiki," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Meza haina. Kombo."

Watu wakanung'unika kwa kuridhika, kama wanavyofanya watu wakiona haki imemwangukia mwenziwe. Msumeno ukaletwa. Asajile akasogea. Alikishika kitako cha fimbo yake kwa mikono miwili, Gwamaka akakata. Mti ulikuwa mgumu, na kazi ilichukua muda kuliko ilivyozoeleka, na unga mwekundu ukamwagika juu ya kitambaa kipya. Hawakutazamana. Kipande kilipoanguka Asajile alikiweka mezani na kile chake pia, akachukua ala tupu, akatoka. Nje Ambakisye alikuwa tayari anafungua kamba ya mtamba.

Habari mbaya haihitaji nauli. Asajile alipofika Masoko siku ya tatu kuomba aongezewe muda, neno lilikuwa limemtangulia. Wazee walimkaribisha, wakampa kiti na chai, kisha mkubwa wao akasema, "Ndugu yetu, ungekuja huna ng'ombe tungekungoja. Lakini mtu anayelaza fimbo kombo mezani ili aipate mali ya mwenzake, kesho atatuletea ng'ombe mwenye maradhi, na keshokutwa tutajiuliza ametupa kijana wa namna gani." Wakarudisha ng'ombe waliokwisha kupokelewa. Asajile aliwaswaga njia nzima peke yake, mchana kweupe, na watu kando ya barabara wakihesabu.

Lugano hakumlaumu baba yake. Alifunga nguo zake akaenda Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, akawa analeta salamu, mwenyewe haji. Asajile aliacha kukanyaga ukumbini. Aliacha hata kupita sokoni siku za gulio, kwa kuwa kulikuwa na watu wapumbavu waliokuwa wakimwona wakisema "Kombo huyo" bila hata kushusha sauti. Na Gwamaka? Gwamaka hakwenda kumwona. Kila siku alijiambia kwamba sheria ni sheria na kwamba Asajile ndiye angepaswa kuja. Vipande vya fimbo alikuwa amevipeleka karakanani kwake, na kwa kuwa mti ulikuwa mzuri, alikata kile kinene akakifanya mpini wa patasi.

Ukapita mwezi. Fimbo ya dereva mmoja ililazwa mezani, ikawa kombo, ikakatwa. Wiki iliyofuata mwalimu mmoja aliyehamishwa akaleta ya kwake apate kubadilishana na redio. Hiyo aliinunua karibuni tu, bado ilikuwa na karatasi ya dukani kitakoni. Gwamaka akaibingirisha, na ilipofika mkabala na shimo la kati, tok. Akashika msumeno. Kisha akauweka chini, akasema anaumwa na kichwa, mwalimu aje siku nyingine. Watu walishangaa, kwani hakuwahi kuumwa kichwa siku ya Jumamosi.

Jumatatu asubuhi alikwenda ukumbini Mwaihojo akiwa anafagia. Alikuwa amechukua fimbo yake mwenyewe, aliyoichonga kwa mkono wake na kuijua kama anavyojua kidole chake. Akailaza mlangoni, akaisukuma. Ikaenda kimya. Ikafika mkabala na shimo la kati, ncha ikanyanyuka. Akaizungusha nusu, ubavu wa chini uwe juu, akaisukuma tena. Palepale. Akaizungusha robo. Palepale.

Hapo akakalia ukingo wa meza, jambo ambalo alikuwa akiwakataza watu. Kwani kila seremala anajua, na yeye ndiye aliyewafundisha wengine: kombo la fimbo huzunguka na fimbo, litatokea huku, litatokea kule, lakini kombo la meza halihami. Siku ile fimbo ya Asajile iliruka mara tatu, mahali pamoja. Aliona kwa macho yake. Akatoa pima maji mfukoni akaiweka karibu na shimo, na kipovu kikakimbilia pembeni kama mtu aliyefumaniwa.

"Mwaihojo," akasema, "meza hii imepatwa na nini?"

Mwaihojo aliusimamisha ufagio. "Mvua, fundi. Nilipokuwa msibani. Nilidhani ubao umekauka."

"Na siku ya fimbo ya Asajile ulijua?"

"Nilihisi."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza," Mwaihojo alisema, kisha akamtazama usoni. "Lakini mimi, fundi, ni muuza bia. Wewe ndiye mwenye jicho."

Gwamaka akaitwaa fimbo yake. Alirudi karakanani, akatafuta kipande chembamba cha fimbo nyekundu, akakilaza juu ya benchi lake la randa aliloliamini. Kikabingirika kimya kutoka mwanzo hadi mwisho. Akakirudisha, akakibingirisha tena, na tena. Tusekile alikuja kumwita kula akamkuta anafanya hivyo, akasimama mlangoni hadi akaelewa, maana hakuwa mjinga.

"Nenda kwake," akasema.

"Nikamwambie nini?"

"Utajua ukifika. Hapa ulipo hutajua."

Gwamaka alifungua zizi lake akamtoa mtamba aliye bora kuliko wote, akamfunga kamba, akamvuta katikati ya mji saa sita ya mchana ili kila mtu amwone. Alimkuta Asajile anapalilia kahawa. Asajile alisimama, akapangusa mikono, akamsalimu mgeni wake salamu zote, moja baada ya moja, akauliza hali ya watoto na ya mke, akamletea kigoda. Salamu zile ndefu zilimuumiza Gwamaka kuliko tusi. Hawakuwa wamesalimiana hivyo tangu walipozaliwa.

"Fimbo yako ilikuwa imenyooka," Gwamaka alisema kabla hajakaa. "Meza ndiyo iliyokuwa kombo. Imefura kwa maji. Nimeipima leo. Nimekuletea mtamba, umpeleke Masoko, na nitakwenda nawe kuwaambia mimi mwenyewe."

Asajile alimtazama yule mtamba kwa muda, akamsifu kwamba ni mzuri.

"Binti ameolewa Kyela," akasema. "Juzi Jumamosi. Nasikia arusi ilikuwa kubwa."

Gwamaka akakaa. Mtamba akaanza kula majani ya kahawa, na hakuna aliyemzuia.

"Nisamehe, Asajile."

"Nataka kukusamehe," Asajile alisema. "Nilianza siku ileile, njiani kurudi. Nilijiambia, Gwamaka hana kosa, meza imemwambia uongo naye akaamini. Mtu hulaumiwa kwa kudanganywa? Lakini kuna kitu kimoja sijakipata. Kabla ya kuibingirisha uliinyanyua ukaitazama. Uliona nini?"

Gwamaka angeweza kusema uongo. Alisema baadaye kwamba uongo ulimjia mdomoni, ukiwa mtamu. Lakini alikuwa amechoka.

"Niliona imenyooka."

Asajile alitikisa kichwa polepole, akainama, akaokota jembe lake.

"Nilikuwa naomba useme hukuona vizuri," alisema. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na hakuyaficha. "Ndaga, asante kwa kuja, fundi. Mrudishe mtamba nyumbani, jua litamchosha."

Wazee wa zamani walikuwa wakisema siku ile Gwamaka alirudi akivutwa na ng'ombe. Sijui. Ninachojua ni kwamba Jumamosi iliyofuata aliingia ukumbini alasiri, watu wakiwa wamejaa kama kawaida, na mwalimu yule yupo na fimbo yake. Gwamaka hakuigusa fimbo. Alivua kofia. Aliweka pima maji juu ya kitambaa, karibu na shimo la kati, akawaita wasogee mmoja mmoja waone kipovu kilipo. Waliona. Waliokuwa wamecheka siku ile walikuwa wa kwanza kutazama chini.

"Nilikata fimbo iliyonyooka," akasema. "Nikakata na ya dereva, ambayo huenda ilikuwa nzima, sitajua kamwe. Nikamvunjia kijana wa watu ndoa, na baba yake nikamvunjia jina."

Mtu mmoja mwenye huruma akasema, "Usijilaumu, fundi. Meza ilikudanganya."

"Meza haikunidanganya. Sikuiuliza. Niliipima miaka mitatu iliyopita nikadhani imebaki vile nilivyoiacha, kwa kuwa niliipima mimi." Kisha akasema maneno yale mliyoulizana jana, na aliyasema akilia: "Usiite fimbo kombo na meza hujaipima."

Hakubingirisha fimbo ya mtu tena mpaka alipokufa. Waliokuja baada yake waliweka desturi nyingine, kwamba pima maji itangulie na fimbo ifuate. Watu walikwenda kwa Asajile kumwomba radhi, wakampelekea kuku na sukari, naye aliwapokea vizuri wote. Hata Gwamaka alipokewa naye vizuri, kila mara, kwa salamu zote, kwa kigoda, kwa jina la fundi, miaka kumi na tisa, na hawakurudi tena kuwa vile walivyokuwa. Lugano alioa hukohuko Chunya. Asajile hakuuona uso wa mjukuu wake.

Maneno yale yalisafiri. Yalishuka Kyela, yakapanda Mbeya, yakafika hata Masoko kwa wale wazee. Sasa yanasemwa na watu wasiojua hata pool inachezwaje. Kwa hiyo mkimsikia mtu kikaoni akimtaja mwenzake kuwa mwizi, au mwongo, au mke mbaya, na mzee mmoja akayatamka, msidhani anawaonyesha hekima yake. Aliyeyasema mara ya kwanza hakuwa na hekima siku ilipohitajika. Alikuwa na msumeno.

Usiite fimbo kombo na meza hujaipima.